SOMO LA AFYA KWA VYAMA VYA MSINGI: KUIJUA NGOZI, KUIKINGA NA JUA NA KUIEPUSHA NA VIPODOZI VYENYE SUMU

MAKUSUDI YA SOMO

Baada ya somo hili kusomwa na kuzungumzwa katika kikundi, kila mwanachama aweze:

1. Kueleza kwa nini jua hilo hilo humbabua mtu mmoja na kumwacha mwingine salama.
2. Kuitambua aina ya ngozi yake mwenyewe na za watoto wake.
3. Kuchagua kinga inayofaa na yenye gharama nafuu.
4. Kuvitambua vipodozi vyenye sumu na kuvikataa dukani.

Katibu wa chama aweze, zaidi ya hayo, kuonyesha mambo ambayo chama chake kinaweza kuyatenda bila kungojea fedha kutoka mahali pengine.

UTANGULIZI

Njia ya kujifunza afya katika vikundi si ngeni. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchini Tanzania walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyao na kupanga kazi za kutenda vijijini mwao. Somo hili lafuata njia hiyo: kusoma, kuzungumza, kisha kutenda.

Chukua mfano wa siku ya kupima pamba. Wakulima wamefika ghalani tangu alfajiri, na mizani inafunguliwa saa tatu. Foleni ni ndefu, na kanuni ya chama ni moja: asiyekuwapo mahali pake hupoteza zamu. Wanachama watatu wamesimama kwa kufuatana. Wa kwanza ni mzee mwenye ngozi nyeusi sana. Wa pili ni kijana mwenye ngozi ya maji ya kunde. Wa tatu ni mama mwenye ualbino, ambaye hisa zake ni sawa na za wenziwe na ambaye pamba yake imechambuliwa vizuri kuliko ya wengi.

Wote watatu wamesimama juani tangu saa tatu hadi saa nane. Jioni yake mzee anasikia uchovu na kiu, basi. Kijana anaona uso wake umekuwa mweusi kidogo. Mama yule hawezi kulala: mabega, shingo na masikio yamekuwa mekundu, yanawaka, na baada ya siku mbili yanatoka malengelenge. Si mara yake ya kwanza. Juu ya sikio lake la kushoto kuna kidonda kidogo kilichokataa kupona tangu msimu uliopita.

Jua lilikuwa moja, saa zilikuwa zile zile, na kanuni ya foleni ilikuwa moja kwa wote. Kilichotofautiana ni ngozi. Kanuni iliyoonekana kuwa ya haki, kwa kuwa ni sawa kwa kila mtu, ilimtoza mmoja wao gharama ambayo wenziwe hawakuiona.

NGOZI IMEJENGWAJE

Ngozi ina tabaka la juu, ambalo ni jembamba, na tabaka la chini lenye mishipa ya damu, neva na vinyweleo. Chini kabisa ya tabaka lile la juu zimo chembe hai zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Yafaa ieleweke kwamba idadi ya chembe hizo hukaribiana kwa watu wote, weusi kwa weupe. Tofauti imo katika kazi yake. Katika ngozi nyeusi, punje za melanini ni kubwa, ni nyingi, nazo hutawanyika na kukifunika kiini cha kila chembe kama mwavuli. Katika ngozi nyeupe, punje hizo ni ndogo na chache.

Mwavuli huo una kazi. Mwanga wa jua una mionzi isiyoonekana kwa macho, iitwayo mionzi ya urujuanimno. Iko aina B, ambayo huunguza tabaka la juu, na aina A, ambayo hupenya ndani zaidi na kuichakaza ngozi polepole. Mionzi hiyo ikikifikia kiini cha chembe huharibu maandishi ya urithi yaliyomo, na uharibifu ukilimbikizana mwaka baada ya mwaka huweza kuzaa saratani. Katika vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 1979, tabaka la juu la ngozi nyeusi lilionekana kuwa na kinga ya kiasi cha 13, hali la ngozi nyeupe lilikuwa na kinga ya kiasi cha 3 tu.

Mtu mwenye ualbino anazo chembe zile zile, lakini hazitengenezi melanini au huitengeneza kidogo mno. Hali hiyo hurithiwa. Mtoto huzaliwa nayo endapo amepokea urithi huo kwa baba na kwa mama, na wazazi wote wawili waweza kuwa weusi kabisa wasijue kuwa wanaubeba. Wazazi wa namna hiyo wana nafasi moja katika nne, kwa kila mimba, ya kumpata mtoto mwenye ualbino. Si laana, si kosa la mama, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Nchini Tanzania hali hii hukadiriwa kuwa kwa mtu mmoja katika kila watu 1,400, kiasi ambacho ni kikubwa kuliko cha Ulaya. Kwa hiyo, chama chenye wanachama wengi pamoja na familia zao kisidhani kuwa jambo hili halikihusu.

AINA SITA ZA NGOZI

Mwaka 1975 daktari wa ngozi wa Marekani, Thomas B. Fitzpatrick, alitunga mpango wa kuzipanga ngozi kwa jinsi zinavyolipokea jua. Alitaka kujua ni kiasi gani cha mionzi kingefaa kumtibu mgonjwa bila kumuunguza. Mwanzoni alihesabu aina nne, zote za watu weupe. Aina ya tano na ya sita ziliongezwa baadaye kwa ajili ya watu wa rangi ya kahawia na weusi. Mpango huu haupimi kabila wala uzuri. Swali lake ni moja: ngozi isiyokingwa ikikaa katika jua kali, huungua, au hugeuka rangi?

Aina ya 1: Huungua daima, haigeuki kuwa ya kahawia. Ni ngozi nyeupe sana. Kwa tahadhari zote, mtu mwenye ualbino ahesabiwe hapa.

Aina ya 2: Huungua kwa urahisi, hugeuka rangi kidogo tu.

Aina ya 3: Huungua kiasi, kisha hugeuka kahawia polepole.

Aina ya 4: Huungua kwa nadra, hugeuka rangi upesi. Watu wengi wa asili ya Bara Hindi na Uarabuni wamo humu.

Aina ya 5: Huungua kwa nadra sana. Ni ngozi ya kahawia iliyokoza, ikiwa ni pamoja na ile ya maji ya kunde.

Aina ya 6: Karibu haiungui kamwe. Ni ngozi nyeusi sana.

Wanachama wengi wa Afrika Mashariki wamo katika aina ya 5 na ya 6. Hata hivyo nyumba moja yaweza kuwa na watoto wa aina ya 6 na mmoja wa aina ya 1. Ndiyo sababu kila mtu apimwe kwa ngozi yake, wala si kwa jina la ukoo.

JUA LA NCHI ZA KARIBU NA IKWETA

Mionzi ya urujuanimno huwa mikali zaidi jua liwapo utosini, kwa kuwa njia yake hewani ni fupi. Katika nchi zilizo karibu na ikweta jua hupanda hadi utosini au karibu yake, basi ukali huo huwapo mwaka mzima. Mwinuko nao huongeza: kila mita 1,000 za kupanda mlima, mionzi huzidi kwa kiasi cha asilimia 10. Mkulima wa kahawa mlimani asidanganywe na baridi. Joto na mionzi ni vitu viwili mbalimbali, na siku ya baridi yaweza kuunguza. Mawingu mepesi pia huiachia mionzi mingi ipite.

Kipimo kisicho na gharama ni kivuli cha mtu mwenyewe. Kivuli kikiwa kifupi kuliko kimo chake, mionzi ni mikali, na mwenye ngozi ya aina ya 1 au ya 2 yampasa kuwa chini ya paa au mti. Aghalabu saa hizo ni tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri.

KINGA, KWA MPANGO WA GHARAMA

Kwanza, kivuli na saa. Kivuli hakinunuliwi. Palizi ifanywe alfajiri na jioni, na kazi za mchana ziwe za chini ya paa.

Pili, nguo. Shati la mikono mirefu, suruali au gauni refu, na kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Kitambaa kikiinuliwa mbele ya jua na mwanga ukapita kama katika chujio, mionzi nayo inapita. Shati jeupe jembamba likilowa jasho hukinga kidogo kuliko likiwa kavu.

Tatu, kofia. Kofia yenye mbele tu huacha masikio na kisogo wazi, na hapo ndipo vidonda vya saratani huanzia mara nyingi. Pama au kofia ya ukili yenye ukingo mpana pande zote ndiyo ifaayo.

Nne, losheni ya kukinga jua. Hii hutumika mahali ambapo nguo haifiki. Haichukui nafasi ya nguo. Chupa huandikwa herufi SPF na namba. Namba 15 maana yake losheni iliyopakwa ipasavyo huachia sehemu moja katika 15 ya mionzi iunguzayo. Namba 30 huachia moja katika 30. Namba 50 moja katika 50. Kwa hesabu ya mia, ya kwanza huzuia kiasi cha 93, ya pili 97, ya tatu 98. Inaonekana basi kwamba kutoka 30 kwenda 50 faida ni ndogo, lakini kupaka kidogo mno huharibu hesabu yote. Uso na shingo vyataka kijiko kizima cha chai, na kila mkono kijiko kimoja. Ipakwe dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, na irudiwe kila baada ya saa mbili, au upesi zaidi mtu akitokwa na jasho jingi. Chupa iwe na maelezo kuwa inazuia aina A na aina B pia. Mafuta ya nazi na mafuta ya mgando hulainisha ngozi, lakini si kinga ya kutegemewa.

Mwenye ngozi ya aina ya 5 au ya 6 hana haja ya kutumia fedha ya mbegu kununua losheni kwa ajili ya kazi za kila siku. Nguo na kofia zamtosha. Macho yake, hata hivyo, hayana mwavuli wa melanini kama ngozi, na jua la miaka mingi huchangia mtoto wa jicho. Kofia pana huyafaa macho ya watu wote.

Kwa wenye ualbino losheni ni kama dawa. Huko Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 katika hospitali ya rufaa ya KCMC kilihudumia watu wenye ualbino, na katika miaka ya 2010 losheni ya kukinga jua ilianza kutengenezwa hapo hapo kwa ajili yao. Jambo hilo lilithibitisha kwamba kinga hii yaweza kutengenezwa nchini na kuwafikia wanavijiji.

VIPODOZI: NI NINI KINAUZWA DUKANI?

Ngozi nyeusi ina nguvu juani, lakini ina udhaifu wake. Ikichubuliwa, ikichomwa au ikipata vipele, mara nyingi hupona na kuacha madoa meusi, na wengine huota makovu yanayovimba. Kwa hiyo tiba za urembo zinazochuna uso, na zile za mwanga wa leza, zina hatari zaidi kwa aina ya 4 hadi ya 6, kwa kuwa mwanga huo hunaswa na melanini yenyewe na kuunguza. Mtaalamu asiyeuliza aina ya ngozi ya mteja kabla ya kuanza hafai kuaminiwa. Kipodozi kipya nacho kijaribiwe kwanza ndani ya kiwiko, kisubiriwe siku mbili, ndipo kipakwe usoni.

Hatari kubwa kuliko zote ni vipodozi vya kujichubua, pamoja na michanganyiko iitwayo mkorogo. Sumu zake ni tatu.

Zebaki. Huizuia ngozi kutengeneza melanini, kisha hupenya mwilini na kuharibu figo na neva. Huweza kumfikia mtoto tumboni, na mvuke wake huwadhuru waliomo nyumbani wasiojipaka. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 waliovimba mwili kwa maradhi ya figo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kujing'arisha zenye zebaki.

Haidrokwinoni. Ikitumiwa muda mrefu bila daktari, huigeuza ngozi kuwa na madoa ya rangi ya samawati na weusi yasiyoondoka. Afrika Kusini iliona madhara hayo kwa watu wengi, na mwaka 1975 yaliandikwa na madaktari wa huko. Aliyetafuta weupe akaishia na weusi usiotibika.

Dawa za jamii ya steroidi. Ni dawa halali hospitalini, lakini zikipakwa kila siku kwa miezi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, yenye michirizi, na kidonda chake hukawia kupona. Aliyezizoea asiziache ghafla bila kumwona mganga.

Pamoja na sumu hizo, kujichubua ni kuuvunja mwavuli ambao mwili umejijengea wenyewe. Mtu wa aina ya 6 hujishusha kwa fedha yake hadi kwenye ngozi inayoungua, kisha huenda kulima juani.

Nchini Tanzania vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku. Usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 nao ulilenga kuviondoa sokoni vipodozi vilivyotiwa zebaki. Mwenye duka aviangalie hivi: je, maandishi yanataja zebaki, alama Hg, au kalomeli? Je, yanaonya kuwa kipodozi kisiguse dhahabu, fedha, alumini au mpira? Onyo hilo ni dalili ya zebaki. Je, hakuna jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo? Jibu likiwa ndiyo kwa moja tu, bidhaa hiyo isiingizwe.

Hapa ndipo duka la ushirika linapopimwa. Sabuni ya kujichubua huuzwa upesi, na mweka hazina atasema kwamba ikiondolewa, wateja watakwenda duka la jirani. Huenda ni kweli. Lakini duka la mtu binafsi lina mwenyewe mmoja, na duka la ushirika wenyewe ni wale wale wanaonunua. Faida iliyopatikana kwa kumuuzia mwanachama sumu hugawanywa kwake mwishoni mwa mwaka kama bonasi, naye huichukua na kwenda nayo hospitalini. Hiyo si faida. Ni mkopo uliochukuliwa juu ya figo zake.

DALILI ZA KUMPELEKA MTU HOSPITALI

1. Kidonda juani, usoni, sikioni, mdomoni au mkononi ambacho hakijapona kwa majuma manne.
2. Uvimbe au gamba gumu linalokua au kutoa damu likiguswa.
3. Doa jeusi jipya katika unyayo, kiganja au chini ya ukucha, linalokua au kubadilika.

Dalili ya tatu inawahusu hasa weusi. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika alifariki mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 36, kwa saratani ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Aina hiyo haitokani hasa na jua, basi losheni haiizuii. Kinga yake ni kuangalia nyayo na kuwahi. Saratani nyingi za ngozi zikiwahiwa hukatwa na kupona. Kwa wenye ualbino katika Afrika, saratani ya ngozi ndiyo iliyowaua wengi kabla ya umri, nayo ni ya kuzuilika.

KAZI YA KATIBU NA KAMATI

Mwaka 1995 Muungano wa Kimataifa wa Ushirika uliongeza kanuni ya saba, ambayo ni kuijali jamii. Kanuni hiyo huanzia penye mizani. Mambo yafuatayo yaweza kuingizwa katika ajenda ya mkutano ujao:

(a) Vibao vya namba. Mwanachama akifika apewe kibao, aketi kivulini, aitwe zamu yake ifikapo. Foleni iwe ya namba, isiwe ya miili juani. Gharama ni ubao mmoja na rangi.

(b) Banda la makuti au nyasi mbele ya ghala, na miti kupandwa.

(c) Kofia pana na losheni kuagizwa kwa pamoja na duka la chama, kwa bei ya jumla.

(d) Kazi za ofisini, kama ukarani, kufikiriwa kwanza kwa mwanachama mwenye ualbino aliye na uwezo. Ikumbukwe kwamba wengi wao huona kwa shida vitu vya mbali, basi daftari liwe karibu na maandishi yawe makubwa. Mtoto wake shuleni aketishwe mstari wa mbele.

(e) Azimio la duka kutouza kipodozi chochote kisichopita uchunguzi uliotajwa juu, na bidhaa zilizokwisha kununuliwa kutolewa rafuni na kutolewa taarifa kwa mamlaka badala ya kumalizwa kwanza.

Mama yule wa mfano hakuhitaji huruma wala upendeleo. Alihitaji kibao cha namba, kivuli, na mtu wa kumwambia kwamba kidonda cha sikioni hakingojei msimu uishe.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi hiki kuna aina ngapi za ngozi? Kila mtu aitaje yake na sababu.
2. Losheni ya namba 30 huachia sehemu gani ya mionzi iunguzayo? Ni makosa gani huifanya isitimize kazi hiyo?
3. Ni kanuni gani ya chama chetu iliyo sawa kwa wote lakini ina uzito zaidi kwa baadhi ya wanachama? Irekebishwe vipi?
4. Wajumbe wawili wateuliwe kuchunguza rafu za duka la chama kabla ya mkutano ujao. Watatafuta dalili zipi?
5. Ni nani katika kijiji ana kidonda kisichopona, na ni nani atakayemsindikiza hospitali juma hili?

Katibu aandike majibu ya swali la tatu, la nne na la tano katika kumbukumbu za mkutano, na katika mkutano ufuatao asome yaliyotekelezwa na yaliyobaki.